Makumbusho ya Nani

Rosettenville, Johannesburg
16 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kusini, ambako mvua inanyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa. Natumaini umeamka mzima, magoti yamepunguza kelele, na kaka yangu mkubwa, yaya Octave, na watoto wake wanakula na kulala vizuri. Sisi hatujambo. Gaston bado anaendesha gari la mikate la yule Mreno. Analalamika kila siku na kila siku anakwenda. Clémence ameingia darasa la saba. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu. Mimi niko na cherehani yangu, msimu huu ni wa sare za shule tu.

Mdogo wangu Hugues anawasalimu sana. Kazi ya ulinzi kule Hillbrow inambana, zamu zimeongezwa, ndiyo maana hamsikii sauti yake.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kioo cha simu yangu kimepasuka na sauti inakatikakatika. Parfait, dereva wa basi la Lubumbashi, amekubali kubeba barua zetu mradi nimfupishie suruali zake, kwa hiyo tuandikiane kama zamani.

Jumamosi nilikwenda makumbusho pamoja na Clémence. Watu walikuwa wachache, wote kimya. Nilijikaza, lakini nilipofika mbele nililia mpaka mtoto akaona aibu, akanishika mkono tukatoka. Usijali, Mama, yameshapita. Nitakueleza vizuri siku nyingine, maana Parfait anapiga honi hapa nje na majirani wameanza kumfokea.

Kunywa dawa zako za moyo. Usingoje Octave akukumbushe.

Mwanao,
Arlène


Katuba, Lubumbashi
5 Machi 2025

Arlène, mwanangu,

Salamu nazitanguliza kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha, si kwa sababu nina nafasi. Magoti yako palepale. Octave na mkewe wazima, watoto wao wazima na wanapiga kelele kuthibitisha. Mvua imeangusha ukuta wa choo. Umeme unakuja ukijisikia.

Sasa nijibu. Makumbusho ya nani?

Unaniandikia kwamba umekwenda makumbusho, kwamba watu walikuwa kimya, kwamba ulifika mbele ukalia mpaka mtoto akakutoa nje. Kisha unaniambia nisijali kwa sababu kuna mtu anapiga honi! Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, nimesahihisha insha za ovyo za kila aina, lakini ovyo ya namna hiyo sijaiona. Huku kwetu makumbusho ni misa ya marehemu, arobaini ikitimia. Na hakuna makumbusho bila kilio kutangulia. Maana yake mtu alikufa zamani, mkamzika, mkamlilia, na mimi nikaachwa hapa nikipepeta mchele.

Kosa langu ni moja. Niliisoma barua kwa sauti mbele ya jirani yangu Mama Gaudence, nikidhani ni salamu tu. Hakungoja nimalize. Kabla jua halijazama akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa, viti vya sebuleni vimehamishiwa kwake, mikeka imetandikwa, na wanaume wamekoka moto uani. Wakaanza kuimba. Katikati ya wimbo Mama Gaudence akaniinamia sikioni: "Mama Thérèse, sasa ni nani tunamulilia?" Hebu fikiria aibu hiyo, watu wanalia nyumbani kwangu na mimi mwenye kilio sijui jina.

Octave alirudi kazini akaikuta mikeka. Nilidhani atacheka, au atalia. Alikasirika. Alichukua simu yake akaenda kuzungumzia barabarani, kule mbali, huku akinipa mgongo. Mtu asiyejua kitu haendi kuzungumzia barabarani.

Niambie basi. Si Gaston, maana umesema analalamika. Ni mama yake Gaston? Ni mchungaji wenu Hénock, aliyekuwa akikohoa? Ni huyo Mreno wa mikate? Ni Parfait, na hii barua nampa mzimu? Hao ndio ninaowajua huko, na wote niliotaka kuwataja nimewataja.

Akina mama wamekwenda zao, lakini viti bado viko kwa Mama Gaudence. Nangoja.

Mama yako,
Thérèse


Rosettenville
30 Machi 2025

Mama,

Salamu nyingi, na msamaha mwingi kuliko salamu. Gaston aliisoma barua yako akacheka mpaka akakaa chini. Clémence anataka kujua kama kweli mliimba. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaacha.

Hakuna aliyekufa katika hao uliowataja. Ni neno tu limetugombanisha. Sisi wa Lubumbashi tunasema musée, lakini huku Waswahili wa Tanzania na Kenya nyumba ya kuwekea vitu vya kale na vya sanaa wanaiita makumbusho. Mezani ninaposhonea, pembeni yangu anakaa mama mmoja wa Tanga, na neno lake limenihamia mdomoni bila kuniuliza. Rudisha viti ndani, Mama. Waombe radhi akina mama wa kanisa, wape chai.

Sasa nikueleze vizuri. Mwalimu wa Clémence aliwataka watoto waende kwenye nyumba ya sanaa ya mji wakaone kazi za Japani na nchi nyingine za Asia. Ni jumba la mawe, la zamani, pembeni ya bustani ambako watu wananyoana nywele na kupiga picha za pasipoti. Mlangoni kuna mlinzi anayekagua mifuko. Alikuwa amevaa sare ya buluu, kofia imemzidi kichwa. Nilimpa mfuko wangu bila kumtazama.

Ndani kuna baridi na sakafu inalia ukitembea. Chumba cha kwanza kina picha za Japani zilizochapwa kwa mbao zilizochongwa. Kuna moja ya watu wanakimbia mvua darajani, wamejikunja chini ya makuti waliyojifunika, na mvua ni mistari myembamba tu ya wino mweusi. Niliganda pale. Kisha kuna joho la hariri limetundikwa limefunguka mikono. Mama, nililizunguka kama nataka kulinunua. Lote limekatwa kwa vipande vilivyonyooka, hakuna hata kimoja cha mviringo, kwa hiyo unaweza kufumua joho zima ukarudisha kitambaa kama kilivyotoka dukani. Na mimi kila siku nafagia vipande chini ya meza naviita hasara.

Chumba cha pili ni cha China na India na sijui wapi. Mabakuli ya kijani, mungu wa shaba anayecheza kwa mguu mmoja, na Buddha wa mbao ambaye rangi yake yote imekwisha ila kwenye masikio. Clémence alikuwa anaandika anaandika, anataka kumaliza aende akale chipsi.

Mwishoni kabisa, kwenye kona, kuna mtu mdogo wa jiwe. Urefu wake haufiki kiunoni kwangu. Ana kichwa cha upara na uso wa mtoto aliyeshiba usingizi, na shingoni amefungwa kitambaa chekundu, kile tunachomfunga mtoto mchanga ili asijichafue anapokula. Nikamuuliza Clémence, huyu mzee mbona amevaa bavette? Akasoma maandishi ya ukutani, akaniambia kwa Kiswahili chake: "Mama, huyu ni wa watoto wenye walikufa mbele ya wazazi. So mama zao wanashona hii kitu red, wanamuvalisha, juu mtoto asisikie baridi kule."

Nikasogea kuangalia mshono. Unajua ugonjwa wangu. Kitambaa kimepauka kwa jua, kimeshonwa kwa mkono, si kwa mashine. Mwanzo mshono umenyooka vizuri, halafu mbele unapotea njia, unapanda, unashuka, sindano imetoboa mara mbili palepale. Aliyekishona alikuwa fundi, mwanzo unaonyesha. Mshono wa namna hiyo naujua. Hapo ndipo nilipolia.

Ni uchovu tu, Mama. Sare za shule zilinimaliza nguvu.

Hugues anawasalimu sana. Kazi inambana. Wamempeleka Cape Town kwa muda, na huko mtandao ni shida.

Mwanao,
Arlène


Katuba
27 Aprili 2025

Mwanangu Arlène,

Nakusalimu, na nawasalimu wote wa nyumbani kwako. Mahindi yamekomaa, wajukuu wanachoma kila jioni mpaka midomo imekuwa myeusi. Octave amejenga upya ukuta wa choo, umepinda lakini unaficha. Dawa zangu nakunywa, mtu huyo ananisimamia kama askari wa gereza.

Akina mama wa kanisa nimewaeleza habari ya neno lako la Kitanzania. Walicheka, wakanywa chai yangu yote. Mama Gaudence sasa akiniona njiani ananiuliza, "Mama Thérèse, leo tunaenda makumbusho wapi?" Nacheka naye, nifanyeje.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeandika vizuri. Ulipokuwa darasani kwangu hukuwahi kuandika hivyo, ulikuwa unaandika mistari michache kisha unachora nguo. Huyo mtu wa jiwe nimemwona kabisa, na baridi ya sakafu nimeisikia kwenye magoti haya. Ukurasa mzima umempa. Ni sawa, kila mtu hulia anapoweza.

Kitu kimoja hakikunipendeza. Salamu za Hugues. Mara zote mbili umeandika kwamba anasalimu sana na kazi inambana, maneno yaleyale. Mtoto yule hajawahi kunisalimia namna moja mara mbili. Ananiita Mwalimu Mkuu, ananiuliza kama bado nawachapa watu wazima, ananidai soksi nilizomnyang'anya akiwa na miaka minane. Mwambie aache uvivu anisalimie kwa mdomo wake. Na mwambie kwamba kuku wangu mweupe, Bibi Harusi, bado yupo na anataga vizuri. Wewe humjui, nilimnunua ulipokuwa umeshaondoka. Hugues ndiye aliyempa jina.

Ukimpata huko Cape Town, nitafurahi kusikia anasemaje.

Viti bado viko kwa Mama Gaudence. Mgongo wa Octave unamuuma, hawezi kubeba.

Mama yako,
Thérèse


Rosettenville
6 Julai 2025

Mama,

Nisamehe kwa kunyamaza. Parfait alipita hapa mara mbili na mara zote mbili nilimwambia barua haijaisha. Huku ni baridi kali, asubuhi nyasi za mbele ya nyumba ni nyeupe, na vidole havitaki kushika sindano. Gaston ana mafua ya kudumu. Clémence ameshinda zawadi shuleni kwa ile kazi ya Asia, amepewa kitabu na anatamba nacho. Yaya Octave alinipigia, anasema presha yako ilipanda wiki iliyopita na hukutaka niambiwe. Tuheshimiane, Mama. Ukificha yako nami nitajifunza.

Nilizungumza na Hugues. Alicheka sana kusikia habari za Bibi Harusi. Anasema, Mwalimu Mkuu amtunzie mayai, akija atakula yote kwa siku moja. Anasema soksi zake zije na riba. Anakupenda.

Nilirudi kule makumbusho, musée, sijui sasa niite nini. Nilimdanganya Gaston kwamba naenda mjini kutafuta zipu. Nimekwenda tena na tena, kwa kweli. Nakaa kwenye benchi mbele ya yule wa jiwe. Kitambaa chake kimechakaa, pindo limefumuka upande mmoja, na nilitaka kumshonea kingine, lakini hawaruhusu kugusa. Mlinzi mwenye kofia kubwa alinifuata juzi. "Eish, dada, kila siku uko hapa. Uko sharp?" Nikamwambia niko sharp. Akanisogezea jiko dogo la umeme la kuotea moto, lile analotumia yeye mwenyewe, akarudi mlangoni na baridi yake.

Najiuliza yule mama aliyeshona alijua kama jiwe lake limepandishwa meli. Pengine alikwenda siku moja kulibadilishia nguo akakuta halipo. Mtu angeweza kumwambia liko Johannesburg, na yeye angeuliza, Johannesburg ndiyo wapi, na nani anamwangalia huko.

Sina la zaidi. Kunywa dawa.

Arlène


Katuba
3 Agosti 2025

Arlène,

Leo sina salamu. Utanisamehe, na ukishindwa kunisamehe ni sawa pia.

Bibi Harusi hatagi. Bibi Harusi alichinjwa na Hugues mwenyewe, kwa mkono wake, siku moja kabla hajapanda basi kuja kwako. Alisema hataki kusafiri na njaa ya nyumbani. Tulimla pamoja kwa bukari, ugali wetu, yeye akala paja, akanipa mimi la pili, na manyoya yake tulijazia mto ambao nalalia mpaka leo. Mwanangu asingecheka kusikia kuku huyo anataga. Angesema, Mwalimu Mkuu, umeanza kuzeeka.

Sikukutega kwa ubaya. Nilikutega kwa sababu nilitaka nikose. Nilikaa miezi miwili hapa nikiomba barua yako ije na maneno haya: Mama, Hugues anasema mbona kuku huyo tulimla? Kila basi lilipoingia nilikuwa naomba hivyo. Parfait aliponipa bahasha sikuweza kuifungua, nikaiweka chini ya mto huohuo, nikaifungua baada ya ibada.

Octave nimemweka mbele yangu. Amelia kama mtoto. Amekiri kwamba yeye ndiye aliyekukataza, kwamba daktari alisema moyo wangu hautavumilia habari nzito. Lakini kilichotokea chenyewe amekataa kukisema. Anasema yeye hakuwapo, anasema nikuulize wewe. Ndiyo sababu naandika.

Sikia, mwanangu. Moyo huu mnaoulinda umemzika baba yenu. Umezika watoto wawili kabla yako, ambao wewe hukuwaona. Ni mbovu, najua, unaruka hatua usiku, nausikia. Lakini ni wangu, na mimi ndiye niliyemzaa mtoto huyo nao. Msiuweke katikati yangu na yeye. Mmeniacha miezi sita nikimwombea safari njema mtu aliyekwisha fika.

Sikukasirikii kwa kudanganya. Umedanganya vibaya, hata darasani ulikuwa hujui. Nakukasirikia kwa sababu umelia peke yako mbele ya jiwe la watu, wakati mimi nipo, nina macho, nina mikeka.

Viti sikuvirudisha. Octave mgongo haumuumi. Tangu siku ile ya Machi nilijua neno lako lilikuwa limekuja kwenye nyumba sahihi, ila sikuwa na jina la kuliambatanisha nalo. Jina nilikuwa nalo. Sikutaka kuliandika kwa mkono wangu.

Liandike wewe. Niambie alikufaje, nani alimvisha, alivaa nini, nani aliomba na kwa lugha gani, na kama alizikwa kavu au kwenye tope. Usinifichie hata kidogo. Nikishapata hayo nitawaita akina mama, na safari hii Mama Gaudence akiniuliza tunamlilia nani, nitamjibu.

Mama yako


Rosettenville
17 Agosti 2025

Mama,

Marehemu Hugues, mwanao, mdogo wangu, alifariki mwezi wa kwanza, wiki ile shule zilipofunguliwa.

Alikuwa kazini, mlangoni mwa lile ghorofa la Hillbrow alilokuwa analinda. Watu walikuja kumnyang'anya mpangaji mmoja simu na mfuko, na Hugues akasimama mlangoni. Alikuwa hana silaha, ana tochi na kirungu. Walimpiga risasi kifuani. Mwenzake wa zamu, Mrundi mmoja anaitwa Ildephonse, ndiye aliyemshika mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Nilimuuliza kama alisema kitu. Ildephonse hakunitungia uongo. Alisema hapana, dada, alikuwa ananiangalia tu, na alikuwa amenishika kola. Alikata roho kabla hawajafika hospitali. Nilipofika mimi alikuwa amefunikwa.

Kumleta nyumbani hatukuweza. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimekwisha muda na ofisi zinatuzungusha, na wale wa chumba cha maiti hawakutaka kungoja. Octave alisema tumzike hapa na wewe usiambiwe. Nilikubali haraka, Mama. Nilikubali kwa sababu niliogopa kuisikia sauti yako. Kioo cha simu hakikupasuka kamwe.

Aliyemvisha ni Ildephonse na Gaston. Alivaa suti ya buluu iliyokolea, niliyomshonea mimi. Umeme ulikuwa umekatwa mtaa mzima, na mazishi ni kesho yake, kwa hiyo niliishona kwa mkono. Mwanzo ilikwenda vizuri. Mkono wa kushoto wa koti haukunyooka. Nilitaka kuufumua nirudie, Gaston akaninyang'anya sindano, akasema atavaa hivyohivyo. Shati lilikuwa jeupe, jipya. Soksi nilimvisha mimi mwenyewe, za sufu, kwa sababu miguu yake ilikuwa baridi na sikuweza kuivumilia.

Mchungaji Hénock aliomba kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwetu, na mwishoni akaimba kwa Kiluba wimbo ambao sikuujua lakini nadhani wewe unaujua. Watu walikuwa wachache. Walinzi wenzake walikuja na sare zao kwa sababu walitakiwa kazini mara baada ya hapo. Walisimama kwa mstari, kofia mkononi. Ndiyo maana sikuweza kumtazama yule mlinzi wa mlangoni kule makumbusho.

Clémence anajua. Alilia siku ile na hajataka kuizungumzia habari hiyo tangu hapo, lakini jana aliniuliza juu ya bibi yake, kwa Kiswahili, si Kiingereza, "Koko atatukasirikia?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba ni haki yake.

Siku niliyokuandikia nimekwenda makumbusho, arobaini yake ilikuwa imekaribia na hakuna aliyepanga misa. Sikuwa nafikiria maneno. Niliandika tu nilikotoka.

Umeuliza kavu au tope. Palikuwa pakavu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, lakini udongo wa huku ni mwekundu, unakunywa maji upesi. Kaburi liko upande wa juu wa makaburi, kuna waya wa umeme unapita, na ukisimama hapo unayaona maghorofa ya Hillbrow.

Nilipoambiwa nitupe udongo nilitupa konzi yangu. Wakaniambia nisogee wengine wapite. Sikusogea. Niliinama nikachota konzi nyingine, nikaitupa pia. Watu walinitazama kama nimechanganyikiwa, Gaston akanishika bega, na sikumweleza mtu yeyote mpaka leo.

Ile ya pili ilikuwa yako, Mama.

Arlène